Sala Isiyosubiri Mteremko

Gari linalotoka Sumbawanga mjini kwenda Muze hupita Ntendo likiwa na kelele zake za kawaida: bei ya mpunga, kuku waliofungwa miguu chini ya viti, mtoto anayelilia maji. Likifika ukingoni mwa Lyamba lya Mfipa, pale nchi inapokatika ghafla na Bonde la Rukwa kufunguka huko chini, sauti hupungua. Baadhi ya abiria hufanya ishara ya msalaba. Wengine midomo inacheza bila neno kusikika. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Rukwa liko karibu mita 800, na tofauti hiyo ya kama kilometa nzima inashukwa kwa kona, huku watu wote wakimtegemea Mungu na breki. Gari likishatulia bondeni, bei ya mpunga inaendelea pale ilipoachiwa.

Sala ya namna hiyo haina haja ya kufundishwa. Anaijua hata asiyekanyaga kanisani tangu abatizwe. Anaijua mzazi ambaye mtoto wake amepandwa na homa saa nane usiku, mwanafunzi wa darasa la saba asubuhi ya mtihani, na mkulima ambaye Januari mvua imekata na mpunga umeanza kugeuka njano. Inatoka yenyewe. Kazi iko Jumanne, siku isiyo na mgonjwa wala mtihani, mvua imenyesha ya kutosha, jembe liko begani. Mkristo anayesali siku hiyo, saa ileile aliyosali jana, bila kusukumwa na lolote, amefikaje hapo?

Bonde la Rukwa na uwanda wa Ufipa ni mahali pazuri pa kuulizia swali hilo. Huku sala ya kila siku ililetwa kwa mpango, ikapangiwa saa, ikapewa watu wa kuisimamia, na sasa ina zaidi ya miaka mia moja ya kupimwa na kilimo, umaskini, barabara na, siku hizi, simu.

Mwaka 1885 Wamisionari wa Afrika, wale ambao wazee bado wanawaita Mapadri Weupe kwa sababu ya kanzu zao, walikabidhiwa kituo cha Karema kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, kilichojengwa na Wabelgiji mwaka 1879. Kutoka ufukoni walipanda uwandani, na baadaye wakateremka upande wa pili hadi bondeni. Mwanzilishi wa shirika lao, Kardinali Charles Lavigerie, alikuwa amewawekea sharti ambalo leo lingewakimbiza wengi: mtu asibatizwe kabla ya kukaa katika mafundisho miaka minne, isipokuwa aliye mahututi. Miaka minne! Katekisimu ya kukariri kichwani haimalizi muda huo, hata kwa mzee asiyejua kusoma. Sehemu kubwa ilikuwa kumtazama mtu kama anaweza kuishi kwa saa mpya: sala ya asubuhi kabla ya jembe, sala ya jioni kabla ya kulala, na kengele ya Malaika wa Bwana alfajiri, adhuhuri na jua likizama.

Wafipa walimjua Mungu kwa jina la Leza kabla padri wa kwanza hajafika, na walikuwa na matambiko yao ya mvua, ya mbegu na ya ugonjwa. Kuomba walikuwa wakiomba. Kuomba kila siku, shida iwepo isiwepo, ndiko kulikokuwa kugeni. Nadhani hapo ndipo wamisionari walipofanya kazi kubwa kuliko majengo ya matofali tunayoyapiga picha.

Lakini mapadri walikuwa wachache na nchi ni pana. Waliowazoesha watu kusali ni makatekista. Anayekumbukwa zaidi ni Adrien Atiman, mzaliwa wa kando ya mto Niger katika nchi ambayo leo ni Mali. Alitekwa utotoni akauzwa utumwani, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomeshwa uganga wa kizungu Malta, na akafika Karema mwaka 1889. Hakuondoka tena. Alitibu watu na kufundisha dini hadi alipofariki mwaka 1956, miaka 67 katika kituo kimoja. Mgonjwa aliyekuja kwake kwa ajili ya kidonda alikuta dawa na sala katika mikono ileile, na daktari huyo alikuwa Mwafrika mwenye mke na ukoo papo hapo kijijini. Mahubiri ya Ulaya hayana nguvu hiyo.

Kathleen Smythe, mwanahistoria wa Marekani, aliandika mwaka 2006 kitabu juu ya familia za Wafipa wa Nkansi na namna Ukatoliki ulivyoingia kwao kati ya 1880 na 1960. Kwa msomaji wa swali letu, sehemu yenye faida ni ile ya malezi. Kwa desturi ya Kifipa mtoto hakukaa muda mrefu katika nyumba ya wazazi. Alihamia kwa bibi na babu, au akalala na wenzake wa rika. Misheni iliingia humohumo, ikawa nayo ni mahali ambapo mtoto analala, analelewa na kusimuliwa. Kwa maneno mengine, sala ilikalia kiti ambacho tayari kilikuwepo ndani ya nyumba.

Kiti hicho Muze bado kinakaliwa na bibi. Ingia jioni katika nyumba ya Wakatoliki ambako wajukuu wamebaki na bibi yao kwa sababu wazazi wako shambani au mjini. Utapokewa na "Tumsifu Yesu Kristo" kabla ya shikamoo, na usipoitikia "Milele, amina" watoto watakutazama mara mbili. Chakula kikiisha mkeka haukunjwi. Bibi anavuta rozari yake kutoka kwenye pindo la kitenge. Moja niliyoishika ilikuwa ya plastiki ya bluu, imekatika pengine zaidi ya mara moja na kuungwa kwa uzi wa nyavu za kuvulia samaki, na punje mbili zilizopotea zimebadilishwa na mbegu za mti. Bibi anaanza, watoto wanaitikia nusu ya pili ya Salamu Maria kwa kasi ya gari lisilo na breki, mdogo kuliko wote anasinzia kwenye fumbo la tatu, na hapana anayemwamsha. Bibi mwenyewe anaweza kufumba macho ukadhani amelala, lakini kidole gumba hakikosei punje. Mambo yote hayafiki nusu saa. Ni Jumanne, kwa hiyo ni Matendo ya Uchungu; Alhamisi yatakuwa ya Mwanga, yale aliyoyaongeza Papa Yohane Paulo II mwaka 2002, na bibi anayaita bado "yale mapya".

Mtu aliyesoma seminari anaweza kunung'unika hapo: watoto hawaelewi wanachosema, hayo ni mazoea tu. Lawama hiyo ina mizizi mirefu. Manabii waliwakemea watu wanaomheshimu Mungu kwa midomo, na Yesu mwenyewe aliwaonya wanafunzi wake wasirundike maneno. Walokole nao, ambao mikesha yao ya Ijumaa inajaza makanisa ya mabati pale Sumbawanga mjini, wanapenda kusema sala ya kukariri haina Roho. Nimewahi kukubaliana nao kwa kiasi. Siku hizi naona wanachanganya mambo mawili. Maneno matupu ni ugonjwa wa moyo, na yanaweza kutoka kwa anayekariri na kwa anayebuni vilevile; msikilize mwombaji wa kipaza sauti usiku wa manane, utakuta sentensi zake ni zilezile za Ijumaa iliyopita. Ila mazoea ni kitu kingine. Mazoea ndiyo yanayomshika mtu siku moyo umekauka, na siku hizo ni nyingi kuliko zile ambazo machozi yanatoka. Anayengoja ajisikie ndipo asali ni kama anayejenga kihenge njaa ikiwa imeshapiga hodi.

Wataalamu wa tabia wamelipima jambo hili bila kuwa na nia ya dini. Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha UCL, London, waliwafuatilia watu 96 kwa wiki kumi na mbili, kila mmoja akijaribu kuzoea jambo dogo moja la kila siku, kama kunywa maji au kutembea kidogo, na kulifanya baada ya jambo jingine ambalo analifanya tayari, tuseme baada ya kifungua kinywa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba kwa wastani ilichukua siku 66 jambo likawa la kujiendea lenyewe, lakini tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno, kutoka siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Na aliyekosa siku moja hakuharibu kitu. Aliendelea kesho yake kama kawaida. Ukiyasoma hayo ukiwa umekaa kwenye mkeka wa Muze unaona bibi amefika huko bila utafiti. Hajaiweka rozari saa mbili usiku, maana saa mbili ya kijijini haina uhakika. Ameifunga kwenye ugali. Ugali ukiliwa, mkeka haukunjwi.

Ndiyo maana nina shaka na ushauri unaotolewa mara nyingi kwenye semina, ule wa kumwambia mwamini atenge saa nzima ya utulivu kila siku. Mwenye nyumba ya vyumba viwili na watu tisa atautoa wapi utulivu? Atajaribu siku nne, atashindwa, na atajiona hana imani. Afadhali ishara ya msalaba wakati wa kuwasha moto, sala fupi njiani kwenda kisimani, fumbo moja la rozari kabla ya kufunga mlango. Mtume Paulo alipowaandikia Wathesalonike kwamba waombe pasipo kuacha, alikuwa anawaandikia watu wa kazi. Yeye mwenyewe alishona mahema.

Nje ya nyumba, kitu kinachoibeba sala Muze ni jumuiya. Mwaka 1973, na kwa nguvu zaidi mwaka 1976, maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, waliamua kwamba Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ziwe msingi wa uchungaji katika nchi zao. Tanzania ililipokea wazo hilo kwa urahisi, pengine kwa sababu siasa ya Ujamaa ilikuwa imeshawazoesha watu kuhesabiwa kwa nyumba kumi kumi. Kila jumuiya ina mtakatifu msimamizi, mwenyekiti, katibu na mhazini, na nyumba jirani zinakutana kila wiki kwa zamu. Wimbo, Injili ya Jumapili inayokuja, tafakari, nia, matangazo. Kwenye nia ndipo utakapokijua kijiji: nani amelazwa, nani mumewe hajarudi kutoka ziwani, nani ana mtoto anayengoja matokeo. Mtu ambaye peke yake asingefungua mdomo anasali kwa sababu leo zamu imeangukia nyumbani kwake, ameshafagia ua na kuazima viti.

Hapo pia ndipo panapochubuka. Katika parokia nyingi nchini, anayetaka mtoto wake abatizwe, au ndoa ifungwe, au marehemu wake apewe misa, huulizwa kwanza jumuiya yake. Mwenyekiti anafungua daftari. Mahudhurio yapo, na michango ipo: ya ujenzi, ya zaka, ya gari la padri, ya jubilei. Makusudi ya awali ni mazuri, maana Kanisa haliwezi kumjua mtu ambaye majirani zake hawamjui. Lakini Watanzania wengi wataambiana kwa sauti ya chini kwamba jumuiya imekuwa mahali pa kukusanyia fedha, na sala ni utangulizi wa matangazo. Mama ambaye hajauza ufuta wake anakwepa Jumamosi mbili, ya tatu anaona haya, ya nne anasema anaumwa mgongo. Amepoteza mazoea ya kusali na wenzake kwa ajili ya elfu tano. Mapadri wanalijua hili, na wapo walioagiza fedha zisitajwe kabisa siku ya Neno, zitafutiwe siku yake. Kwangu agizo hilo lina thamani kuliko semina kumi.

Na wanaume? Hesabu viatu mlangoni. Kandambili za kike na za watoto zimejaa. Jozi za kiume utazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na mbili kati yake ni za mwenyekiti na katekista. WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki ulioanza mwaka 1972, ndio unaosukuma mambo. UWAKA wa wanaume upo, aghalabu kwenye karatasi. Baba wa nyumba hapingi sala. Anaikubali, anaitolea mchango, na anamtuma mama. Ukimuuliza atakwambia mama ameshasali kwa niaba ya nyumba. Mtu huyohuyo hamtumi mke wake akale kwa niaba yake.

Wako wanaume, hata hivyo, ambao katika mkoa huuhuu sala ndiyo ratiba yao. Mwaka 1979 wamonaki Wabenediktini kutoka abasia ya Hanga, mkoani Ruvuma, walikuja kuanzisha nyumba Mvimwa, wilayani Nkasi, wakati Jimbo la Sumbawanga likiongozwa na Askofu Charles Msakila. Mwaka 2001 Mvimwa ikawa abasia. Wanaamka kabla ya jogoo, wanaimba zaburi, wanatoka kwenda kwenye ng'ombe, karakana, mashamba na shule, na kengele ikilia wanaacha vyote wanarudi kuimba. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa Italia katika karne ya sita, inawataka wasitangulize kitu chochote mbele ya kazi hiyo ya Mungu. Watu wa kijijini huwatazama kwa heshima na kusema wale ni wamonaki, hawana watoto wa kulisha. Kweli. Ila ukiangalia kwa karibu wamonaki hawaaminiani utashi hata kidogo! Hakuna anayeachiwa aamue mwenyewe kila asubuhi kama atasali. Kengele imeshaamua, na kiti chake kanisani kikiwa kitupu ndugu zake wanaona. Ni utaratibu wa jumuiya ya Muze, ukiwa umekazwa zaidi.

Wamoravian nao, ambao wana makanisa mengi Rukwa tangu utume wao uliposambaa kutoka Rungwe, walikoanza mwaka 1891, na kutoka Tabora, wana kamba yao ya kushikia. Tangu mwaka 1731 Kanisa lao limekuwa likichapa kitabu chenye neno la Biblia kwa kila siku ya mwaka, kilichoanzia Herrnhut, Ujerumani. Familia inayokifuata haijiulizi asubuhi isome nini. Neno la leo limeshachaguliwa, na ndugu wa Mbeya au wa Suriname anasoma lilelile. Kwa wasio na kitabu wala bibi kuna redio. Radio Maria, iliyoanza kurusha matangazo nchini mwaka 1996, inasali rozari hewani kila siku, na vijana wa bodaboda wanaiweka kwenye simu huku wakingoja abiria. Sijui kama hiyo ni kusali au kusikiliza wengine wakisali. Nimewaona wakitikisa midomo.

Kinachozivuruga kamba zote hizi bondeni ni kalenda ya shamba. Kanisa lina miezi miwili ya kusali rozari nyumba kwa nyumba, Mei na Oktoba, ambapo sanamu ya Bikira Maria inabebwa na mishumaa hadi kwa jirani wa zamu. Oktoba inafana: mazao yameuzwa, mvua bado, watu wapo. Mei ni habari nyingine. Mpunga umeiva, ndege wameshuka kwa makundi, na nyumba nzima zimehamia vibandani kuamia. Kuanzia alfajiri hadi giza mtu anapiga debe na kurusha udongo kwa kombeo. Kwaresima nayo hukutana na palizi, na Njia ya Msalaba ya Ijumaa saa kumi inabaki na wazee, wanafunzi na katekista. Kijiji hakijaasi. Kiko shambani, na taratibu zote za sala zimebaki kwenye nyumba zilizofungwa.

Huko vibandani kunatokea jambo ambalo sikulitarajia. Vibanda vinne au vitano vinavyopakana havifuati jumuiya wala dhehebu. Mkatoliki wa kitongoji hiki yuko jirani na Mmoravian wa kile, na mara nyingi aliyetangulia shambani ni baba akiwa na kijana mmoja, mama akabaki na wanafunzi. Ndege wakishalala, wanakaa kwenye moto mmoja. Rozari si ya wote, kitabu cha neno la siku kimebaki nyumbani, kwa hiyo wanasali kile ambacho kila mmoja alifundishwa utotoni, Baba Yetu, na kila mtu anaongeza lake: mpunga, mtoto, deni la pembejeo. Anayeongoza ni mwanamume, kwa kuwa hakuna mwingine wa kutumwa. Wanaume wawili walionieleza haya walikuwa wanayasimulia kama jambo la kawaida kabisa, mmoja akijivunia kwamba msimu uliopita hawakuruka jioni hata moja. Nikamuuliza kuhusu jumuiya ya kijijini kwao. Akacheka, akasema huko yupo mke wake.

Mpunga ukishapigwa na magunia kupakiwa, wanarudi Muze.